Paipu Juu ya Jicho la Maji

Nianze na mfereji wa jikoni, maana ndio ulioanza kuniudhi. Ulikohoa mara mbili Jumanne asubuhi nikiwa na povu la sabuni mikononi, ukatema tope kidogo, ukanyamaza. Nikaufungua mpaka mwisho, nikaufunga, nikaufungua tena, eti labda utanionea huruma. Wapi! Anayekaa Johannesburg siku hizi hahitaji kuelezwa. Unapata ujumbe kwenye simu kwamba matengenezo yataisha saa kumi na mbili jioni. Saa kumi na mbili jioni unapata ujumbe mwingine kwamba matengenezo yameongezewa muda. Baada ya siku tatu hupati ujumbe wowote. Mvua inapiga bati juu ya kichwa chako na huna maji ya kupigia mswaki.

Mimi ninakaa Troyeville, kwenye nyumba ya zamani yenye baraza na bati jekundu, pamoja na binti yangu wa miaka kumi na minne. Kazi yangu ni ya bima. Nakaa ofisini Sandton nikisoma madai ya watu waliopasukiwa na mabomba: maji yameingia kwenye zulia, maji yameangusha dari, maji yamevimbisha milango. Miaka kumi na moja nimesoma habari za paipu za watu. Nalitaja hili mapema kwa sababu baadaye litanitia aibu.

Mwaka huo nilikuwa pia na mama. Alikuwa ameanguka nyumbani kwetu, karibu na Kakamega, jioni akitoka kufungia kuku. Aliteguka mguu, akashindwa kuinuka, akalala pale pale kwenye umande mpaka asubuhi, jirani alipopita kuazima jembe. Baba alikwisha kufariki, kaka yangu naye vilevile, kwa hiyo aliyebaki ni mimi. Nilipanda ndege nikamfungia vitu vyake kwenye begi moja, nikamleta Johannesburg, naye akilalamika safari nzima kwamba kuku wake wataibwa. Kuku waliibwa kweli, na alihakikisha sisahau.

Ruhusa yake ya kukaa nchini ilikuwa ya miezi mitatu. Ili abaki nami ilibidi apeleke maombi, na fomu ya maombi nilikuwa nimeijaza yote kwa mkono wangu, jina lake, kuzaliwa kwake, jina la marehemu mumewe. Pa sahihi tu ndipo palipobaki. Niliibandika kwenye mlango wa friji kwa sumaku yenye umbo la nanasi. Kila asubuhi mama alipita mbele yake akienda kuchemsha chai, akaitazama, akasema, “Nitaona.” Mimi nilijua kwamba asipotia sahihi atarudi kwenye ile nyumba na ule umande, na safari nyingine jirani huenda asihitaji jembe. Nilimwambia hivyo hivyo, bila kuzunguka.

“Nimekusikia,” alisema. “Sikatai. Lakini niambie, mimi hapa kwako nafanya nini?”

Swali hilo lilinikasirisha. Mashine ilifua nguo. Mwanamke mmoja kutoka Limpopo alikuja Alhamisi kusafisha nyumba. Binti yangu alimsikia bibi yake vizuri sana, maana nyumbani tumezungumza Kiswahili siku zote: mama ni Mtaita aliyeolewa magharibi, na Kiluhya cha mama mkwe wake hakuwahi kukipenda. Lakini mtoto alimjibu kwa Kiingereza, kisha akarudisha spika zake masikioni. Basi mama alikaa barazani na leso yake mabegani tangu saa kumi na moja alfajiri, akitazama magari yakiteremka kwenda Jules Street, mikono mapajani. Mwanamke aliyelima ekari mbili kwa jembe la mkono! Nilikuwa nikirudi kutoka kazini namkuta hapo hapo, na moyo unaniuma, na badala ya kusema moyo unaniuma nasema, “Mama, kwa nini hukuwasha televisheni?”

Siku ya tatu bila maji likaja lori la maji, likasimama karibu na roboti, yaani taa za barabarani. Tulipanga foleni na ndoo, mimi nikiwa na nguo za ofisini, mama akiwa na mitungi miwili mitupu. Tulipokaribia mbele, mwanamume mmoja aliyekuwa nyuma yetu alitusikia tukizungumza. Akaanza: hawa wageni ndio wanaomaliza maji, hawa warudi nyuma ya foleni, na wakishafika nyuma waendelee kurudi mpaka kwao. Hapa si kwenu, alisema. Alilisema kwa Kizulu, kisha akalirudia kwa Kiingereza ili tusikose kuelewa. Nimekwisha kuambiwa neno hilo kliniki, kwenye teksi, na siku moja kanisani. Kila mara damu inanichemka na kila mara sisemi kitu. Lori lenyewe liliisha maji watu wanane kabla yetu.

Mama aliniuliza njiani, “Yule bwana alikuwa akisema nini?”

“Upuuzi tu,” nilimjibu.

Aliyetupa habari ya chemchemi ni mlinzi. Alikuwa amepanga chumba cha nyuma kwa jirani yetu, mtu mzima kutoka Uvira kule Kongo, mwalimu wa hesabu kwao, na hapa analinda bustani ya manispaa kule bondeni, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu. Alituona tukirudi na mitungi mitupu, akaegemea ukuta.

“Mama muzee, munahangaika bure,” alimwambia mama. “Maji iko kule kwetu kwa parki, kwa ile shamba ya Makaburu ya zamani. Inatoka chini ya mawe, usiku na muchana. Hakuna mutu anaiangalia.”

“Chemchemi?” mama aliuliza, akaweka mitungi chini.

“Chemchemi kabisa. Lakini iko muchafu, eish, muchafu sana.”

Sijamwona mama akitembea haraka namna ile tangu nikiwa shule ya msingi. Ule mguu wa kuteguka hata hakuukumbuka. Nilimfuata kwa viatu vya visigino nikimwambia twende Jumamosi, twende na gari, angalau tunywe chai kwanza. Hakuna aliyenisikiliza.

Shamba lenyewe limebaki kidogo tu. Kuna nyumba ndefu nyeupe iliyozungushiwa uzio wa chuma na kufungwa kwa kufuli, kuna makaburi ya wenye shamba ndani ya uzio huo huo, na kuna kibao cha shaba kinachosema kwamba hapa palikuwa mwisho wa nchi inayokaliwa na watu, kabla ya dhahabu, na kwamba familia ile ilisimamisha magari yake ya ng'ombe mahali hapa kwa sababu ya maji. Inayokaliwa na watu! Kana kwamba maji yalikuwa yamekaa tu yakiwangoja, na aliyekuwa akiyanywa kabla yao alikuwa hewa. Nilikisoma kile kibao mara mbili, nikasonya. Mama hakukitazama. Alikwisha kupita, amezunguka uzio mpaka upande wa pili, penye matete na taka, anainama.

Kusema kweli, mimi niliona dimbwi. Mifuko ya plastiki, chupa, soksi moja, tope jeusi linalonuka. Mama alivua viatu, akakunja sketi akaichomeka kiunoni, akaingia. Alitia mkono chini ya tope mpaka kwenye kiwiko, akakaa hivyo kidogo, kisha akacheka.

“Liko hapa,” alisema. “Jicho. Ni baridi. Njoo ushike.”

“Mama, toka huko, utapata kichocho.”

“Njoo ushike nakwambia!”

Nikavua viatu na soksi za nailoni, nikaingia na sketi ya ofisini. Alinishika mkono akaupeleka chini, katikati ya mawe mawili, na pale vidoleni nilihisi maji yakinisukuma. Yalikuwa baridi, na yalikuwa na nguvu ambayo sikuitarajia. Kwa muda mfupi sikuwa nimemkasirikia mtu yeyote.

Kwetu chemchemi haiachwi hivi hivi. Wanawake wanaochota ndio wanaoisafisha, asubuhi moja kwa mwezi, na asiyefika hachoti wiki hiyo, hata kama ni mke wa chifu. Mama alikuwa msimamizi wa yetu kwa miaka mingi na alizijua kanuni zake zote. Viatu havifiki kwenye jicho. Sabuni haifiki karibu. Tope hutolewa kwa mikono, halichimbwi kwa jembe, kwa sababu jembe halioni. Na maji huachiwa njia ya chini, penye usawa wa maji yenyewe, yatoke yanavyotaka. Utotoni nilizichukia kanuni hizo, maana zilimaanisha kuamshwa Jumamosi kukiwa bado na giza.

Basi mama alianza kazi. Siku tatu alitoa tope kwa sufuria yangu nzuri, ile ya pilau, na sikuthubutu kusema neno. Mlinzi alimpa glavu, akazikataa. Chini ya tope vikatokea vipande vya mfereji wa mawe uliojengwa na wenye shamba, umepangwa vizuri, na mama akakiri kwamba Makaburu walikuwa na fundi. Siku ya nne maji yalikuwa meupe. Alikata chupa ya plastiki katikati akaiweka kama mdomo kwenye jiwe la chini kabisa, na maji yakatoka kidogo kidogo, bila kukoma. Kujaza mtungi mmoja ilibidi uulaze ubavuni, uungoje, kisha uukalishe na umalizie kwa kopo. Ilichukua dakika nane. Nilipima kwa saa, kwa sababu mimi ni mtu wa namna hiyo.

Habari zilisambaa. Watu walikuja kutoka Malvern na kutoka ng'ambo ya bonde na ndoo na chupa na beseni za watoto. Mama aliwapanga. Hakujua Kizulu zaidi ya salamu, lakini nakwambia foleni ile ilinyooka. Wenye vyombo vidogo mbele, wenye mitungi nyuma, mwenye viatu hatua tano kutoka kwenye jicho. Walimwita Gogo, bibi. Siku moja nilipofika kutoka kazini nilimwona yule bwana wa kwenye lori la maji, yule yule wa rudini kwenu, amesimama kwenye foleni miguu mitupu, viatu mkononi, akimwambia mama, “Yebo, Gogo,” yaani ndiyo, bibi. Nilitaka kumkumbusha maneno yake. Mama alikuwa anamwinamishia mtungi, nikaacha.

Jioni hiyo, tulipokuwa tukipika, mama alisimama mbele ya friji muda mrefu kuliko kawaida.

“Kalamu zako ziko wapi?” aliuliza.

Nilikaribia kuangusha mwiko. Nikamletea kalamu, akaishika, akaitazama fomu, kisha akaiweka kalamu juu ya friji.

“Jumatatu,” alisema. “Jambo kama hili mtu hulifanya akiwa ameoga. Jumapili nitamaliza kuutengeneza ukingo wa chemchemi, Jumatatu nitatia sahihi.”

Nililala vizuri siku hiyo. Nilianza hata kupanga kitanda kipya, chenye miguu mifupi, apande bila shida.

Jumamosi ndiyo iliyoniharibia. Nilikuwa nimesimama karibu na foleni nikisaidia kubeba ndoo za wazee, mara nasikia jina langu likiitwa. Mwenzangu wa ofisini, meza ya tatu kutoka yangu, alikuwa amekuja bustanini kwenye sherehe ya mtoto wa ndugu yake. Miwani ya jua, puto mkononi. Akauliza kuna nini, nikamweleza. Akauliza yule bibi ni nani. Mama alikuwa ndani ya maji mpaka kwenye magoti, sketi kiunoni, tope mpaka shavuni, anamfokea mtu kuhusu sabuni. Nikasema ni mama yangu. Mwenzangu akatoa simu akampiga picha, akasema inapendeza sana kuona desturi za asili zikiendelea mjini, kisha akaniuliza kwa upole kama huko kwetu bado hakuna mabomba.

Nilicheka, na ule mcheko wangu nauchukia mpaka leo. Huyo hakuwa mtu mbaya. Lakini niliyaona yote kwa macho yake: mama yangu kwenye tope, chupa iliyokatwa, watu wamevua viatu, nami mwenye shahada mbili nimebeba ndoo. Nikasema moyoni, kesho haya yanakwisha. Kesho mama hatainama tena.

Jumapili baada ya kanisa nilikwenda Malvern, kwenye duka la vifaa vya ujenzi, nikanunua mfuko wa simiti, mchanga, na paipu ya plastiki ya mita moja. Mlinzi alinisaidia kushusha kutoka kwenye gari. Alikuna kichwa.

“Dada, wakubwa wangu wanajua hii?”

“Wakubwa wako hawajatia mguu hapa. Shika upande ule.”

Mpango wangu ulikuwa mzuri, au niliuona mzuri. Kujenga kiukuta mbele ya jicho, kujaza mawe na udongo nyuma yake, na kupitisha paipu juu ya kiukuta, urefu wa goti, ili mtungi wa lita ishirini na tano usimame wima chini yake na ujae bila mtu kuinama. Watu waliokuwa wakichota walinizunguka kutazama. Mama alikaa juu ya jiwe, akatazama nikikoroga simiti, hakusema kitu mpaka nilipoinua paipu.

“Hapo ni juu mno,” alisema. “Iteremshe. Iweke chini ya jicho.”

“Ikiwa chini mtungi hautaingia.”

“Basi mtungi ulazwe. Maji usiyapandishe, mwanangu. Hayapendi.”

Hayapendi! Mbele ya watu wote hao, mtu anaambiwa maji hayapendi. Nilikuwa na simiti mpaka kwenye nywele, jua linanichoma utosi, na kichwani bado nasikia lile swali la mwenzangu, kama huko kwetu bado hakuna mabomba.

“Mama, mimi nafanya kazi na paipu kila siku.”

“Za kwenye karatasi,” alisema, na mlinzi akacheka.

Alikuwa ananitania tu. Ningecheka nami, mambo yangeishia hapo. Lakini nilipandwa na hasira, nikamgeukia, nikapaza sauti.

“Mama, hapa si kwenu! Hapa watu wanafanya mambo kwa akili!”

Mlinzi aliacha kucheka. Mama alinitazama kidogo, si kwa hasira, kama mtu anayesoma kibao cha barabarani ajue kama amefika. Kisha akainuka kwenye jiwe, akaja akasimama kando yangu, akaanza kunipa mawe. Jiwe baada ya jiwe mpaka tukamaliza. Hakusema tena juu ya paipu, wala juu ya kitu kingine chochote. Mimi, mjinga, nilidhani nimeshinda.

Na yalitoka! Ilichukua saa nzima kujaa nyuma ya kiukuta, kisha yakatoka kwenye paipu, mkondo mnene kama kidole gumba, na watu wakapiga makofi. Mtungi ulisimama wima ukajaa bila mtu kuinama. Nilimtazama mama. Alipiga makofi pia, taratibu, kwa adabu, kama anavyopiga kwenye harambee za watu asiowajua.

Jumatatu asubuhi fomu ilikuwa bado haina sahihi. Nikasema labda amesahau. Nilichelewa kazini, sikumuuliza. Jioni mlinzi alinipigia simu kwamba mkondo umekuwa mwembamba. Jumanne yalikuwa matone. Jumatano asubuhi paipu ilikuwa kavu, na kuna watu arobaini wamesimama na vyombo.

Maji hayakwisha. Ingekuwa afadhali yangekwisha. Yalikuwa yamechoka kupanda, yakatafuta njia nyingine chini kwa chini, yakatokea mahali pa chini zaidi, hatua thelathini hivi mbali, ng'ambo ya uzio wa chuma, katikati ya makaburi ya wenye shamba. Tuliyaona wote kutoka nje. Yanang'aa kwenye nyasi, yanazunguka mawe ya makaburi, yanapotea chini ya waridi. Ufunguo wa kufuli ulikuwa ofisini kwa wakubwa, na mlinzi aliniambia waziwazi kwamba akilikata lile kufuli, kesho analala nje. Sikumlaumu. Kulikuwa na mama mmoja kwenye foleni, ana mtoto mgongoni, aliyeingiza kopo katikati ya vyuma akanyoosha mkono mpaka bega likakwama. Hakuyafikia.

Nilikwenda kwenye gari nikachukua nyundo. Niliuvunja ule ukuta wangu mwenyewe mbele ya watu wale wale walionipigia makofi, nikatoa mawe, nikatoa udongo, nikapiga magoti nikatia mkono katikati ya mawe mawili pale mama aliponipeleka mkono wangu. Palikuwa pakavu. Nilitia mkono mara nyingi. Nililia, tena kwa sauti, kwa hasira, nikiwa na nguo za kazini. Watu walichukua vyombo vyao mmoja mmoja wakaondoka. Yule bwana wa kwenye foleni alikuwa wa mwisho. Alivaa viatu vyake, akauliza, “Uphi uGogo?” Yuko wapi bibi? Nikamwambia yuko nyumbani.

Na mnajua nini? Nilipofika nyumbani mfereji wa jikoni ulikuwa unatiririka. Siku kumi na sita hakuna tone, halafu ndiyo siku hiyo. Mama alikuwa anajaza kila sufuria, hata ile ya pilau iliyokwaruzika. Nilimsimulia yote nikiwa nimesimama mlangoni. Alifunga mfereji, akafuta mikono.

“Pole,” alisema. “Huenda yakarudi. Ni mwaka, ni miaka miwili. Usiyaguse.”

“Kwa nini hukunikataza, mama? Ulijua.”

“Nilikukataza.”

“Mara moja tu!”

“Mgeni husema mara moja.”

Nikaelewa hatasaini. Nilizunguka meza, nikaanza kuzungumza haraka haraka, kwamba nilikuwa nimechoka, kwamba paipu nitairekebisha, nitaleta fundi, nitakwenda kwa wenye ufunguo, nitawaandikia barua.

“Si paipu,” alisema. “Paipu mtu yeyote hukosea. Hata mimi nimekwisha kukosea.”

“Basi ni nini?”

“Unajua.”

Nilijua. Nilijua toka Jumapili, neno lilipokuwa bado mdomoni. Kiswahili kina maneno ya kuomba msamaha na yote nayajua, na mama yangu alikuwa amesimama mbele yangu, hatua mbili. Nilimuuliza kama anataka chai.

Aliondoka wiki mbili baadaye, ruhusa yake ikiwa imebakiza siku nne. Kwenye uwanja wa ndege nilizungumza juu ya uzito wa begi, juu ya tiketi, juu ya dawa za miguu. Alimkumbatia binti yangu, na mtoto yule, ambaye siku zote alikuwa akimjibu kwa Kiingereza, alimwambia, “Bibi, usiende.” Kiswahili safi kabisa. Mama alimshika mashavu, akasema atakuja tena, na wote watatu tulijua jinsi mambo yalivyo. Mimi nilimwonyesha mama foleni ya kuingilia.

Fomu iko bado kwenye friji. Binti yangu ameniuliza kwa nini siitoi, nikamwambia aache maswali. Jumapili nyingine nateremka bondeni. Maji bado yanatoka kwa wafu, ndani ya uzio, na nyasi za pale ni ndefu kuliko zote bustanini. Nimewaandikia wenye ufunguo barua tano. Mlinzi ananiambia, “Dada, achana nayo tu,” lakini naye hupita kila asubuhi kutia mkono katikati ya yale mawe mawili, kwa sababu mama alimwagiza.

Kila siku nampigia mama saa kumi na mbili asubuhi, saa moja ya kwao, kabla sijaingia barabarani. Hushika simu ikiita mara ya pili au ya tatu. Ananiuliza maji yamerudi, nasema bado, ananiambia nisiyaguse. Kisha nakwenda kazini. Leo simu iliita mpaka ikakatika. Nikapiga tena, ikaita mpaka ikakatika. Nilikuwa nimesimama jikoni na funguo za gari mkononi, nikiwaza jirani, nikiwaza umande, nikiwa sijui kama huu ni msimu wa watu kuazima majembe. Nilipiga mara tisa. Mara ya kumi akashika, anahema.

“Mama! Uko wapi?”

“Niko chemchemini. Leo ni siku ya kusafisha.”

“Uko peke yako?”

“Wenzangu wamezeeka, na vijana wana mifereji,” alisema, na nyuma yake nilisikia maji. “Sasa nitakuwa na nani?”